Tumbo la meli na mizigo ya kurudi



Tukieleza safari ya kurudi, tunataja kambi, kamioni na bandari. Tumbo la meli tunalisahau, na ndimo mali yetu yote ilimopita.

Chukueni Liemba, ambayo wazee wengi wa Ziwa Tanganyika wanaijua. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya makasha 5,000 hivi, ikafika Kigoma na kuunganishwa tena, ikashushwa majini 1915. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wakawa wanakimbia. Waliijaza mchanga, wakapaka injini grisi, wakaizamisha. Waingereza waliiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la sasa.

Toka pale tumbo lake lilibeba dagaa, mahindi, mananasi. Vijiji vingi havikuwa na gati, basi mitumbwi ilikuja ubavuni, winchi ikashusha kamba, gunia likapanda, halafu likateremka tumboni. Kanuni ni ya zamani: vizito vikae chini na katikati, meli isilale upande. Vya bandari ya mwisho viingie kwanza, vya karibu vikae juu.

Mwaka 1997, Mobutu akisha kuangushwa, meli hiyo ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 Kongo. Kuanzia 2005 wengine wetu walivuka kutoka Kigoma mpaka Baraka.

Sisi wa kazi ya bandarini tuliona taabu yake. Jamaa waliopakia wa kwanza walingoja mpaka jioni, sababu magunia yao yalikuwa chini ya yote. Mama mmoja alituuliza: «Wanangu, jembe langu liko wapi? Mvua imeshafika.» Jembe lilipatikana. Lakini vyeti vya watoto, ndani ya gunia lile lile, vilitoka vimelowa, wino umefutika. Kuvipata vingine kulimchukua miezi.

Kwa hiyo, anayejiandaa kurudi aandike jina na kijiji pande mbili za gunia, kwa rangi. Jembe, mbegu na sufuria viende tumboni. Vyeti, kadi za chanjo na dawa vibaki mkononi, ndani ya nailoni. Na ninyi wafadhili, mkiuliza mchango mdogo unafaa nini, jibu letu ni hili: nailoni na rangi.