Kutoka Jukwaa la Mitindo hadi Wizara ya Mambo ya Nje: Elizabeth Bagaaya wa Toro

Tukiwauliza wanafunzi wetu wanawake wa Uganda waliingiaje katika uongozi wa nchi, wengi hutaja ualimu. Hawakosei. Sarah Ntiro, mzaliwa wa Hoima aliyehitimu Oxford mwaka 1954, alifundisha Gayaza. Alipopewa mshahara mdogo kuliko wa wanaume aliukataa, akaendelea kufundisha bila malipo. Mwaka 1958 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Pumla Kisosonkole, aliyemtangulia barazani humo, naye alikuwa mwalimu. Mwalimu alikuwa na sauti ambayo wazazi na machifu walikwisha kuizoea.

Makala haya yanamhusu mwanamke aliyefika kwa njia nyingine kabisa, njia ya mavazi na kamera.

Elizabeth Bagaaya alizaliwa mwaka 1936, binti wa Rukidi III, Omukama wa Toro. Alisoma Gayaza, akapelekwa Sherborne nchini Uingereza, kisha Cambridge, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili wa mahakama za Uingereza. Baba yake alifariki mwaka huohuo. Kaka yake alipotawazwa, Elizabeth akawa Batebe. Wanafunzi hupenda kulitafsiri neno hili kuwa ‘binti mfalme’, tafsiri isiyotosha: Batebe ni dada rasmi wa Omukama, mwenye cheo na wajibu wake katika ufalme.

Mwaka 1967 Milton Obote alizifuta falme. Cheo cha Batebe kikabaki bila kiti. Mwaka huo Princess Margaret wa Uingereza alimwalika katika onyesho la mavazi la nchi za Jumuiya ya Madola mjini London, naye akaitumia nafasi hiyo kuondoka. Wakili akageuka mwanamitindo. Picha zake zilitokea katika Vogue, na mwaka 1969 katika jalada la Harper's Bazaar, wakati ambapo sura ya mwanamke Mwafrika katika majalada ya aina hiyo ilikuwa nadra mno. Aliigiza pia katika filamu iliyotokana na riwaya za Chinua Achebe. Wapo wanaokiona kipindi hiki kama mchezo wa ujana. Mimi sikubaliani nao. Kwa mtu aliyenyang'anywa kwao, umaarufu ule ulikuwa pasipoti.

Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, alimwita nyumbani na kumfanya balozi wa kuzungukia nchi mbalimbali. Mwezi Februari 1974 akamteua Waziri wa Mambo ya Nje mahali pa Michael Ondoga. Mwezi uliofuata maiti ya Ondoga ilipatikana katika Mto Nile. Kiti chenyewe, basi, kilikuwa cha hatari tangu siku ya kwanza.

Tuitazame serikali aliyoingia. Mwaka 1972 ilikuwa imepiga marufuku vimini, na mwaka 1974 nywele za bandia nazo zikakatazwa. Rais aliyewapangia wanawake urefu wa sketi ndiye aliyemtuma mwanamitindo mashuhuri kuipamba serikali yake ughaibuni. Serikali hiyohiyo, mwezi Agosti 1973, ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Sisi tunaofundisha lugha hii Uganda tunaujua mzigo wa tarehe hiyo: wazee wengi hukikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani, na kumbukumbu hiyo huingia darasani pamoja na wajukuu wao.

Bagaaya alikwenda kuhutubia Umoja wa Mataifa mjini New York. Mwezi Novemba, baada ya miezi tisa tu, Amin alimfukuza na kumtangazia hadharani madai ya utovu wa adabu katika uwanja wa ndege wa Paris. Aliyakana. Picha za uchi zilizosemekana kuwa zake zikachapishwa. Hapa ndipo njia yake inapoachana na ya Sarah Ntiro. Ntiro alitaka kupunjwa malipo ya kazi yake, na kazi hiyo ndiyo aliyoitumia kujibu. Bagaaya alikuwa wakili aliyehitimu na waziri, lakini waliotaka kumwangusha hawakuhangaika na hoja zake za kidiplomasia. Walikwenda moja kwa moja kwenye mwili na picha, wakijua kwamba ulimwengu uliomfahamu kwa picha ungeamini picha.

Mwanzoni mwa 1975 alitorokea Kenya, kisha Uingereza. Huko taaluma aliyoiweka kando kwa miaka mingi ikawa na kazi tena: aliyashtaki magazeti kadhaa ya Ulaya yaliyoichapisha kashfa hiyo, akashinda na kulipwa fidia.

Yoweri Museveni alipoingia madarakani mwaka 1986, alimteua balozi nchini Marekani, na baadaye akaiwakilisha Uganda Ujerumani na Nigeria. Falme zilirudishwa mwaka 1993. Miaka miwili baadaye mtoto wa kaka yake, Oyo, alitawazwa Omukama wa Toro akiwa na umri wa miaka mitatu, na shangazi yake alikuwa miongoni mwa waliopewa jukumu la kumlea.