Bologna na Wageni Wake

Chuo Kikuu cha Bologna, kaskazini mwa Italia, huhesabu umri wake tangu 1088. Mwaka huo haukutoka katika hati yoyote. Ulikubaliwa karne ya 19 na kamati ambayo mshairi Giosuè Carducci alikuwemo, ili sherehe za miaka 800 ziangukie 1888. Lililo thabiti ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 12 mwanasheria aitwaye Irnerio alikuwa akifundisha sheria za Kirumi mjini hapo, na vijana wakaanza kuvuka milima ya Alps kuja kuzisoma.

Vijana hao walikuja bila ndugu wala mtetezi. Mgeni wa zama zile alibeba madeni ya kabila lake zima: Mjerumani mmoja akitoroka deni, mdai humkamata Mjerumani mwingine yeyote akamlipisha. Katika miaka ya 1150 Kaizari Frederick I Barbarossa alipiga marufuku jambo hilo kwa wanafunzi. Akaamuru wasafiri kwa amani, na wakishtakiwa wahukumiwe na mwalimu wao au askofu.

Yaliyobaki wakayafanya wenyewe. Waliotoka ng'ambo ya Alps waliunda chama chao, Waitaliano wa miji mingine chao, na kiongozi wa kila chama alikuwa mwanafunzi. Walimu waliajiriwa nao. Mwalimu aliyechelewa kuingia darasani alitozwa faini, aliyeruka kifungu kigumu naye alitozwa, na aliyetaka kutoka nje ya mji aliacha fedha za dhamana kwamba atarudi. Mji nao ukiwabana, walikuwa na silaha moja tu, kuhama. Mwaka 1222 kundi kubwa liliondoka pamoja na walimu wao likahamia Padova, na chuo cha Padova kikaanzia hapo. Napenda wasafiri wayajue haya kabla hawajafika, kwa sababu bila hayo Bologna ni matofali mekundu tu.

Wakiyajua, varanda za mji huu zitasema nao. Watu walipozidi na vyumba vikawa haba, wenye nyumba walisukuma ghorofa za juu zikatokeza barabarani, wakazishikiza kwa nguzo za mbao. Mahali pengi miji ilibomoa matokezo ya namna hiyo. Bologna iliyafanya kuwa sheria: mwaka 1288 iliagiza kila nyumba mpya iwe na varanda yenye kimo cha kumpitisha mtu aliyepanda farasi. Ardhi ilibaki ya mwenye nyumba, matengenezo yakawa juu yake, na njia ikawa ya kila apitaye. Mtu aliyezoea baraza za Lamu ataelewa upesi: ni mahali pa nyumba palipotolewa kwa watu wa nje. Nenda Strada Maggiore uitazame Casa Isolani. Nguzo zake za mwaloni, za karne ya 13, zinapanda karibu mita 9, na ukisimama chini yake unaona waziwazi boriti zilizobeba vyumba vilivyoongezwa. Varanda zote zikiunganishwa zinafika kilomita 62 hivi, na UNESCO iliingiza baadhi yake katika urithi wa dunia mwaka 2021.

Enzi ya wanafunzi kuwatawala walimu haikudumu. Mji ulianza kuwalipa walimu mshahara, na anayelipa ndiye anayeajiri. Kisha Bologna ikawa chini ya Papa, na mwaka 1563 likafunguliwa jengo la Archiginnasio, ili madarasa yaliyotapakaa mjini yawe chini ya paa moja na jicho moja. Lakini hata humo wageni waliacha alama. Kuta na dari zimejaa nembo zao zilizochorwa, maelfu kwa maelfu, pamoja na majina na makwao. Chumba cha kupasulia maiti, kilichojengwa kwa mbao mwaka 1637, kina meza ya marumaru katikati, na kiti cha mwalimu kina paa linaloshikwa na sanamu mbili za watu waliochunwa ngozi, kazi ya Ercole Lelli. Bomu la Januari 1944 lilikivunjavunja chumba hicho. Watu wa mji wakachambua vifusi, wakaokota vipande vya mbao na kukijenga upya kama kilivyokuwa.

Chuo chenyewe kilihamia Via Zamboni mwaka 1803, na leo kina wanafunzi zaidi ya 80,000, wengine wakiwa katika matawi ya miji jirani. Tatizo lao kubwa ni chumba. Katika karne za kati kodi ilipangwa na wakadiriaji waliochaguliwa na mji pamoja na wanafunzi, na nyumba ya aliyekaidi ilisusiwa. Mwaka 2023, wanafunzi wa Italia walipopiga mahema kulalamikia kodi, wa Bologna walikuwemo. Mji huu una deni la kuwarudishia wapangaji wake wale wakadiriaji.