Gome, Nguo na Kochi

Fundi wa makochi, awe Musinzira mjini Gitega au awe Muyinga, huanza kazi kwa kuvua: huondoa kitambaa kilichochakaa, hung'oa misumari, hutoa sponji iliyobonyea. Sponji hiyo hutokana na mafuta ya petroli, wala haiozi upesi. Itupwe wapi?

Zamani swali hilo halikuwapo. Kabla ya pamba ya madukani kuenea, Warundi walivaa nguo za gome la mti, lililopondwa hadi likawa laini na pana. Lugha imeihifadhi kumbukumbu hiyo: neno la Kirundi *impuzu*, ambalo leo ni nguo yoyote, lilitaja nguo ya gome.

Nchini Uganda ufundi huo haukukoma. Waganda hubandua gome la mutuba, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba ili lipate gome jipya, mti haufi. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu, na leo gome hilo hutumika hata katika samani.

Mwaka 2018 Burundi iliamuru mifuko ya plastiki ipigwe marufuku. Amri ilifika kwenye mfuko; haikufika ndani ya kochi. Hapo ndipo wajibu wa raia unapoanza: kutengeneza kabla ya kutupa, na kumwuliza fundi anajaza nini. Fremu ya mbao ngumu yaweza kuvikwa upya mara nyingi.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.