Mkono wa kushoto wa sajenti Takács

Leo nawaletea historia ya mtu mmoja wa Hungaria na bastola yake. Najua huku kwetu neno bastola halifurahishi mtu. Sisi tukisikia risasi, tunafunga mlango na kuhesabu watoto. Lakini kuna fasi bastola ni mchezo wa Olimpiki, wenye sheria na waamuzi, na katika mchezo huo kuna somo kwa sisi tulio na diploma mfukoni.

Károly Takács alizaliwa Budapest mwaka 1910. Aliingia jeshini, akawa sajenti, na katika kulenga shabaha alikuwa hodari. Lakini timu ya Hungaria ilipoenda kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, yeye alibaki. Juu ya nini? Kanuni ya jeshi lao ilisema mwenye ruhusa ya kwenda kushindana ni afisa peke yake, sajenti, hapana. Kisha Olimpiki ile kanuni ikaondolewa, naye akaanza kujitayarisha kwa michezo iliyofuata. Halafu mwaka 1938, katika mazoezi ya jeshi, guruneti moja mbovu likamlipukia mkononi. Mkono wa kuume, ule wa bastola, ukaumia vibaya sana.

Alilala hospitalini mwezi mmoja. Alipotoka, akaanza kujifunza kulenga kwa mkono wa kushoto, kwa siri. Mwaka 1939 akatokea kwenye mashindano ya taifa lake. Inasimuliwa kwamba wenzake walimwendea kumpa pole na kumshukuru kwa kuja kuwaangalia. Akawajibu kwamba hakuja kuangalia, alikuja kushindana. Akashinda. Mwaka uleule alikuwa ndani ya timu ya Hungaria iliyochukua ubingwa wa dunia.

Hapa njo ninataka tukae kidogo, juu wengi wakisimulia habari hii wanaruka mpaka kwenye medali. Tujiulize: kwa siri ile alikuwa anajifunza nini?

Bastola ya mashindano inashikwa kwa mkono mmoja, umenyooshwa, bila kuegemea kitu. Mkono wa mtu hautulii hata siku moja. Unayumba kidogo kila wakati. Tufanye hesabu: vilengeo viwili vya bastola, cha nyuma na cha mbele, vikiachana sentimita 20, na kile cha mbele kikitoka kwenye mstari kwa milimita 1 tu, risasi itapotea zaidi ya sentimita 12 kwenye shabaha iliyo mita 25. Njo maana mlengaji mzuri hakazii macho shabaha. Anakaza macho kwenye kilengeo cha mbele, shabaha anaiacha ionekane kama ukungu. Kifyatulio hakivuti kwa kushtuka. Anakisukuma polepole kurudi nyuma, sawasawa, bila vidole vingine kubana. Pumzi anaizuia kidogo. Risasi ikitoka, mkono haushuki mara moja.

Haya yote Takács alikuwa anayajua. Lakini mwili wake ulikuwa umeyajifunza upande wa kuume. Sasa ubavu wa kushoto ndio unaotangulia mbele, miguu inabadilishana fasi, jicho linatafuta njia mpya ya kufuata vilengeo, kidole ambacho hakikuwahi kuvuta kitu kinaanza kufundishwa. Kichwani alikuwa mwalimu. Mkononi alikuwa mtoto wa darasa la kwanza.

Vita ikaja. Olimpiki ya 1940 na ya 1944 hazikufanyika. Alifika London mwaka 1948, akiwa na miaka 38. Mchezo wake ulikuwa ule wa kufyatua haraka: shabaha tano pembeni kwa pembeni, risasi moja kwa kila shabaha, kwanza ndani ya sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Inasimuliwa kwamba bingwa wa dunia, Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimuuliza amekuja kufanya nini. Takács akajibu: kujifunza. Alipata pointi 580 juu ya 600, rekodi mpya ya dunia. Díaz alipata 571, akamwambia kwamba sasa amejifunza vya kutosha. Mwaka 1952, Helsinki, Takács akachukua tena zahabu kwa pointi 579. Wa pili alikuwa Szilárd Kun, Mhungaria mwenzake, mwenye 578. Kun alikuwa mwanafunzi wake.

Watu wanapenda kumaliza habari hii kwa kusema "ukitaka utaweza". Mimi sikubali sana. Kutaka, tunataka wote. Mimi nilisoma kilimo. Kwa kitabu niliweza kueleza kupandikiza parachichi bila kukosea neno. Siku ya kwanza shambani, kati ya vipandikizi kumi nilivyofunga, vilishika viwili. Mzee aliyetuongoza, ambaye hana diploma, alivishika vidole vyangu na kunionyesha ginsi ya kuteremsha kisu mara moja, bila kurudia-rudia. Nilijua kila kitu, paka mkono njo haukujua. Nilifunga tena, na tena, mpaka mkono ukajua.

Takács alikuwa na ujuzi, akakosa cheo. Wakamwacha nyumbani kwa sababu ni sajenti. Wengi wetu tuko kinyume: cheo tunacho, tunaitwa wasomi, lakini mkono bado haujafundishwa. Na kinachotuzuia mara nyingi ni haya. Tunaona aibu kuanza upya mbele ya watu waliotupigia vigelegele siku ya kutoa diploma. Yeye pia, nafikiri, aliiogopa aibu ile. Njo maana alijifunza kwa siri. Lakini alijifunza.

Wewe je, ndugu: kazi gani unaijua kwa kichwa, na mkono wako bado hauijui? Andika hapa chini. Na kesho asubuhi, hata kwa siri, anza.