Tufani ya Beira na Msaada Uliofuata

Msomaji aliyejifunza habari za Kilwa atalikumbuka jina la Sofala, bandari ya kusini ambayo kwa njia yake dhahabu ya bara ilifika mikononi mwa masultani wa Kilwa. Katika nchi ile ile ya Sofala, penye mlango wa mto Pungwe, ndipo ulipo mji wa Beira, bandari kubwa ya Msumbiji. Nchi yake ni ya chini, karibu sawa na bahari, na mito Pungwe na Buzi huteremka kutoka milima ya Zimbabwe na kuingia baharini hapo. Basi mji huu una adui wawili: bahari mbele, na mito nyuma.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 adui hao walikuja pamoja. Tufani iliyoitwa Idai iliupiga mji kwa upepo wa kilomita zaidi ya 160 kwa saa. Mapaa yakaruka, umeme ukazimika, simu zikanyamaza, na barabara iendayo bara ikakatika. Hata watu wa nje wasijue yaliyowapata wenzao. Kisha mito ikafurika, na mabonde yakawa kama bahari. Watu wakapanda juu ya mapaa na miti, wakangoja. Katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi walikufa watu zaidi ya 1,000.

Ni nani waliofika kwanza? Wengi hudhani ni ndege za mataifa. Lakini watu wengi wa Buzi waliokolewa na wavuvi, waliowapakia katika mashua zao na kuwavusha mpaka Beira. Kisha zikaja helikopta za Afrika Kusini, manowari za Uhindi, na ndege za jeshi la Tanzania zikichukua chakula na dawa. Msaada wa mbali ni mkubwa, lakini huchelewa. Wa jirani ni mdogo, lakini hufika mtu angali hai.

Maji yalipopungua, ilikuja hatari ya pili. Visima vilikuwa vimechafuka, na watu wamesongamana katika shule na makambi. Tarehe 27 Machi kipindupindu kilithibitishwa. Hapo kazi ilifanywa upesi ajabu: tarehe 3 Aprili watu walianza kunyweshwa chanjo, na kwa siku chache waliopata walipita 800,000. Vituo vya kuwatibu wagonjwa vikafunguliwa, na maji yakatiwa dawa. Wagonjwa walizidi 6,000, lakini waliokufa hawakufika 10. Ushindi huu haukusifiwa sana, maana kaburi lisilochimbwa halionekani.

Lakini yako pia mambo ya aibu. Katika mwezi wa Aprili shirika la Human Rights Watch lilitoa habari kwamba katika wilaya ya Nhamatanda wanawake wengine walidaiwa miili yao na viongozi wa mahali pao, ndipo wapewe chakula. Gunia la unga lilikuwa limevuka bahari salama, likaharibikia katika hatua ya mwisho, mkononi mwa mgawaji. Kwa hiyo haitoshi kuhesabu magunia yaliyoshushwa bandarini. Yapasa kuuliza ni nani ashikaye orodha ya majina, na mjane aliyedhulumiwa atamshitakia nani.

Tena, tufani ilikuja mavuno yakiwa karibu, ikaharibu mashamba ya hekta zaidi ya 700,000. Aliyepewa chakula bila mbegu na jembe ataomba tena mwaka wa pili.

Haya si mambo ya watu wa mbali. Tarehe 25 Aprili mwaka ule ule tufani nyingine, Kenneth, ilipiga Cabo Delgado, jirani na mpaka wa Tanzania, penye watu wasemao Kimwani, lugha iliyo ndugu wa Kiswahili. Pwani ni moja. Basi kila mji wa pwani na ujiulize sasa, kungali shwari: mashua zetu ziko wapi, maji safi tutayapata wapi, na orodha tutamkabidhi nani? Maswali haya hayajibiwi vema upepo ukiisha kuvuma.