Tarehe ya Viwanja Viwili: Kabunde na Lichota

Atakaye kuandika tarehe ya viwanja vya ndege vya Homa Bay na Migori hana budi kuanza majini, kwa sababu nchi ile iliyo kusini ya Ghuba ya Winam ilizoeana na meli kabla ya kuzoeana na barabara njema, na hata ndege za kwanza za ratiba kupita pande zile zilitua juu ya maji, si juu ya nchi kavu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, bandari ndogo za Kendu, Homa Bay na Karungu zikawa milango ya biashara, meli zikienda na kurudi na shehena za pamba na ngozi, na abiria wakilala sitahani na kuku wao. Miaka 30 baadaye, mwezi wa Februari 1931, kampuni ya Kiingereza ya Imperial Airways ilifungua njia ya kuchukua barua kutoka London mpaka Mwanza. Na kutoka Khartoum kuja kusini zilitumika ndege za kuelea majini, ambazo zilitua Port Bell na Kisumu, kisha zikalivuka ziwa kuishika njia ya Mwanza. Barua za Nairobi zilipokelewa Kisumu na ndege za Bi Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1929, na ambaye jina lake limebaki katika kiwanja cha Wilson, kinachohudumia mpaka leo ndege ndogo za Kenya nzima.

Kisumu ilipata fahari yote hiyo. Nyanza Kusini ilipata mngurumo wa kupita. Viwanja vyake vya nchi kavu, cha Kabunde nje ya mji wa Homa Bay na cha Lichota ubavuni mwa Migori, ni vya wageni wa serikali, madaktari, wanasiasa na wenye haraka, na kwa muda mrefu wa uhai wao ng'ombe wamevijua zaidi kuliko abiria. Wala haimaanishi kwamba ndege hazikuwa na amali yoyote huko. Mwaka 1981, baada ya malale kuzuka katika bonde la Lambwe, ndege zilipelekwa kunyunyiza dawa juu ya vichaka ili kuwaangamiza mbung'o. Wadudu wakapungua sana, kisha, kwa ukaidi unaojulikana na kila mfugaji wa bonde lile, wakarejea.

Kuna jambo moja ambalo mwandishi wa tarehe hii hawezi kulipita kimya. Mwana wa kisiwa cha Rusinga huko huko Homa Bay, mwanasiasa Tom Mboya, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kutafuta fedha na nafasi za masomo hata ikapatikana ndege ya kukodi iliyowachukua vijana 81 mpaka New York mwezi wa Septemba 1959, na wengine wengi wakafuata. Lakini yeye mwenyewe, alipouawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, alirudishwa kwao kwa msafara wa magari, na umma ukasimama kandokando ya njia kumlilia.

Sasa tuje kwenye swali la milki, ambalo kwangu ndilo kiini cha habari. Huko Uingereza kwenyewe, baraza la mji wa Manchester lilijijengea kiwanja chake huko Ringway na kukifungua mwaka 1938, na hata leo baraza hilo pamoja na mabaraza jirani yana fungu kubwa katika milki yake, faida ikirudi kwa wenye mji. Kwetu mambo yalishika njia nyingine. Sheria ya mwaka 1991 iliunda Mamlaka ya Viwanja vya Ndege vya Kenya, na Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, ikauweka usafiri wa anga mikononi mwa serikali ya taifa, ilhali vivuko na bandari, ukitoa usimamizi wa meli za kitaifa na za kimataifa, vikapewa kaunti. Basi kaunti ya Homa Bay ina haki juu ya gati ambalo meli kubwa zimelihama, lakini kwa kiwanja cha Kabunde haina budi kubisha hodi Nairobi. Mgawanyo huu nauona wa ajabu, maadamu wanaofukuza mbuzi njiani na wanaoliona ua likibomoka ni wenyeji, wala si makarani wa mji mkuu.

Na kazi ya kurusha ndege huku si ndogo kama idhaniwavyo. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na viwanja hivi viko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, na jua likipanda ndege huhitaji mbio ndefu kabla ya kuinuka. Alasiri mawingu ya radi hujikusanya juu ya nchi kavu, kwa hiyo rubani mwenye akili huipenda asubuhi. Ndege itumikayo aghalabu ni Caravan, yenye injini moja na viti takriban 12, na kwa safari za mbugani kila abiria huruhusiwa mzigo wa kilo 15 tu, uwe katika mfuko laini usio na magurudumu. Mzani wa mizigo huko una hukumu isiyojua cheo: kilo zikizidi, mheshimiwa naye hufungua mkoba wake mbele ya watu na kuchagua viatu vya kuacha.

Lichota imepata riziki yake kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka, na njia ya watalii kati ya Maasai Mara na Serengeti, ile ya Bologonja, haikufunguliwa tena kwao. Watalii hawakupoteza hamu, wakatafutiwa mzunguko. Huruka kutoka Mara hadi Migori, huteremka na mifuko yao, huchukuliwa kwa gari mpaka Isebania, hugongewa mhuri na kuvuka mpaka hadi Sirari, hufika Tarime, na huko hupanda ndege nyingine ya kuwaingiza Serengeti. Nusu ya siku hupotea kwa kuzunguka mpaka ambao nyumbu huuvuka kila mwaka bila ya hati. Wenye maduka wa Migori huwaona kwenye vioo vya magari tu, kwani wageni hao wana miadi na ndege ya Tarime, na hawana wasaa wa kununua hata soda. Nao wenyeji, wakiwa na safari ya Nairobi, wengi wao hukata tikiti ya basi la usiku.