Mutesi, Phiona

Phiona Mutesi (alizaliwa Kampala, mwaka 1996 hivi) ni mchezaji wa sataranji wa Uganda mwenye cheo cha WCM, cha kwanza katika ngazi ya vyeo vya wanawake vinavyotolewa na Shirikisho la Sataranji la Dunia (FIDE). Aliichezea timu ya wanawake ya Uganda katika Olimpiadi nne za sataranji: Khanty-Mansiysk (2010), Istanbul (2012), Tromsø (2014) na Baku (2016). Watu wasiojua hata farasi anavyoruka ubaoni humjua kwa jina la Malkia wa Katwe, lililoenezwa na kitabu cha mwaka 2012 na filamu ya mwaka 2016. Hakuna mchezaji mwingine wa sataranji wa Afrika Mashariki aliyeandikwa kiasi hicho, ingawa nchini mwake mwenyewe wapo waliomzidi mbali kwa alama.

Utoto

Alikulia Katwe, mtaa wa mabanda kusini mwa katikati ya jiji la Kampala, unaosifika kwa mafundi wa vyuma na kulaumiwa kwa mafuriko. Eneo hilo ni bondeni. Mvua ikinyesha sana, maji huingia ndani na kubeba vyombo. Baba yake alifariki kwa UKIMWI Mutesi akiwa na miaka mitatu hivi, na muda si mrefu baadaye dada yake mmoja, Juliet, naye akafariki ghafla. Mama yao, Harriet Nakku, alibaki na watoto wa kulea na bila kipato cha uhakika. Alichuuza mahindi na mboga sokoni Kibuye, akidamka usiku wa manane kwenda kununua bidhaa. Familia ilihama chumba hadi chumba kila kodi iliposhindikana.

Mutesi mwenyewe aliwahi kuugua malaria kali akakaribia kufa. Ada ilipokosekana aliacha shule, akawa anatembeza mahindi ya kuchemsha barabarani. Habari hizi zimesimuliwa katika karibu kila maandishi yanayomhusu, mara nyingine kwa kirefu kuliko michezo yake, na ni vigumu kuwalaumu waandishi kwa hilo: michezo yenyewe haitoshi kueleza umbali aliotoka.

Robert Katende na ubao wa kwanza

Mwaka 2005, akiwa na miaka tisa hivi, Mutesi alimfuata kimyakimya kaka yake Brian, aliyekuwa akitoweka nyumbani kila alasiri. Brian alikuwa akienda kwenye jengo bovu la kanisa ambamo watoto wa mtaa walijifunza sataranji, na kila aliyehudhuria alipewa kikombe cha uji. Mutesi hakuwahi kusikia habari za mchezo huo. Amekiri mara nyingi kwamba alivutwa na uji kwanza, kete baadaye.

Mwenye mradi alikuwa Robert Katende, kijana aliyezaliwa mwaka 1982, yatima, mcheza mpira hodari aliyesomea uhandisi wa ujenzi. Alikuwa mfanyakazi wa Sports Outreach, shirika la Kikristo la Marekani linalotumia michezo kuwafikia watoto maskini. Kazi aliyopangiwa ilikuwa mpira wa miguu. Alipoona kuna watoto wanaokaa pembeni kwa kuogopa kuumia, huku nyumbani hakuna wa kuwalipia hospitali, akaleta ubao wa sataranji. Uamuzi huo mdogo ndio uliozaa kila kitu kinachofuata katika makala hii, na Katende anastahili sehemu kubwa ya sifa ambayo kwa kawaida humwagiwa mwanafunzi wake.

Siku za mwanzo watoto walimcheka Mutesi kwa uchafu wa nguo zake, naye hakukubali kuonewa. Aliyemfundisha kete zinavyokwenda alikuwa Gloria Nansubuga, mtoto wa miaka minne tu. Gloria alimwonyesha kwamba askari, kete iliyo ndogo kuliko zote, akifika safu ya mwisho upande wa adui hugeuka kuwa malkia. Waandishi wa Ulaya na Marekani wameishikilia kanuni hiyo na kuikamua kadiri walivyoweza.

Mutesi alijifunza kwa kucheza, bila kitabu wala kompyuta. Katende ameeleza kwamba mwanzoni alikuwa akishambulia tu, akitoa kete sadaka ovyo, na kwamba kilichomtofautisha ni uwezo wa kuona hatua nyingi mbele ambazo wenzake hawakuziona. Ndani ya miaka michache akawa anawashinda wavulana waliomtangulia, kisha mwalimu wake.

Mashindano

Alitwaa ubingwa wa taifa wa wasichana wa Uganda akiwa bado mtoto, na akauchukua mara tatu. Agosti 2009 alichaguliwa pamoja na Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira, wote wa Katwe, kwenda Juba kwenye mashindano ya kimataifa ya watoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kupanda ndege, kulala hotelini na kuchagua chakula kutoka kwenye orodha. Watatu hao walikuwa miongoni mwa washiriki wadogo kabisa, na walirudi Kampala na kombe bila timu yao kufungwa.

Mwaka uliofuata alikuwa Siberia. Olimpiadi ya sataranji huchezwa kila baada ya miaka miwili, kila nchi ikiweka wachezaji wanne mezani na mmoja wa akiba. Ya 39 ilifanyika Khanty-Mansiysk, Urusi, Septemba na Oktoba 2010. Mutesi alikuwa na miaka 14 hivi. Mpinzani wake wa kwanza alikuwa Dina Kagramanov wa Kanada, bingwa wa wanawake wa nchi yake. Alishindwa, lakini Kagramanov alivutiwa naye hata akampa zawadi ya vitabu viwili vya sataranji, vya kwanza kuwa vyake. Akafungwa tena na Taiwan, akafungwa na Misri, na inasimuliwa kwamba baada ya mmoja wa michezo hiyo alikimbilia chumbani akalia. Ushindi ulikuja mchezo wa mwisho, dhidi ya mchezaji wa Ethiopia. Kwa hesabu ya jumla safari hiyo ilikuwa ya vipigo. Iliacha hata hivyo jambo moja muhimu: mwandishi wa Marekani alikuwepo ukumbini.

Mwaka 2012 ndio kilele cha kazi yake ubaoni. Alishinda ubingwa wa taifa wa vijana wa Uganda katika kundi la wazi, ambako wavulana na wasichana hucheza pamoja, akiwa msichana wa kwanza kufanya hivyo. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba alicheza Olimpiadi ya 40 mjini Istanbul, akapata nusu ya alama alizozigombea, na FIDE ikamtunuku WCM. Mwenzake wa timu, Ivy Amoko, alipata cheo hicho hicho kwenye mashindano hayo hayo. Kabla yao hakukuwa na mwanamke wa Uganda mwenye cheo chochote cha FIDE. Amoko, aliyeendelea hadi cheo cha juu zaidi, hutajwa kwa nadra mno katika simulizi za Katwe.

Alirudi Olimpiadi mwaka 2014 (Tromsø, Norwei) na mwaka 2016 (Baku, Azabajani).

Kuhusu cheo

Kwa njia ya kawaida WCM hutolewa kwa mchezaji anayefikisha alama 2000 katika orodha ya viwango ya FIDE. Kanuni za wakati ule ziliruhusu pia kukipata kwa kuvuna asilimia 50 kwenye Olimpiadi katika michezo isiyopungua idadi iliyowekwa, na hiyo ndiyo njia ya Mutesi. Juu ya WCM kuna WFM (2100), WIM (2200) na WGM (2300), viwili vya mwisho vikidai pia matokeo maalumu mashindanoni. Ugrandmasta kamili, ambao Mutesi aliutaja utotoni kuwa ndoto yake, unadai 2500. Hakuukaribia.

Sababu zinajulikana kwa yeyote anayefuatilia mchezo huu barani. Alama hupanda kwa kucheza na wenye alama, nao wako Ulaya na Asia; nauli ya safari moja inaweza kulipa ada ya mtoto miaka kadhaa. Mchezaji wa Ulaya wa umri wake alikuwa na kocha, programu ya kompyuta na mashindano karibu kila mwisho wa wiki. Mutesi alikuwa na Katende, na uji.

Kitabu na filamu

Tim Crothers, aliyekuwa mwandishi mwandamizi wa jarida la Sports Illustrated, alisikia habari za Mutesi mwaka 2010, akaenda Kampala na kisha Siberia. Makala yake ilitoka katika ESPN The Magazine mwanzoni mwa mwaka 2011. Oktoba 2012 akatoa kitabu, The Queen of Katwe.

Disney ilinunua haki za simulizi hiyo na kumkabidhi Mira Nair, mwongozaji mzaliwa wa India mwenye makazi Kampala na mwanzilishi wa Maisha, karakana ya filamu inayowafundisha vijana wa Afrika Mashariki. Hadithi ya filamu iliandikwa na William Wheeler. Picha zilipigwa Katwe kwenyewe na Johannesburg mwaka 2015. Madina Nalwanga, msichana wa Kampala aliyekuwa mcheza ngoma na hakuwahi kuigiza, alicheza nafasi ya Mutesi. David Oyelowo wa Uingereza akawa Katende. Lupita Nyong'o wa Kenya akawa mama, na wengi huiona kazi yake kuwa bora kuliko zote ndani ya filamu. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2016 kwenye tamasha la Toronto, siku zilezile ambazo Mutesi alikuwa na kibarua cha Baku. Iligharimu dola za Marekani milioni 15 na kurudisha takribani milioni 10 kumbini, yaani kibiashara ilianguka. Wahakiki waliipokea kwa shangwe, na ni miongoni mwa filamu chache za kampuni kubwa ya Marekani zilizoionyesha Kampala bila askari watoto wala Idi Amin.

Nikita Pearl Waligwa, aliyeigiza Gloria, alifariki kwa uvimbe wa ubongo Februari 2020, akiwa na miaka 15.

Kutokana na mapato ya simulizi hiyo Mutesi alimjengea mama yake nyumba nje ya Katwe. Kwa familia iliyowahi kufukuzwa na wenye nyumba, hilo huenda ndilo tokeo kubwa kuliko medali yoyote.

Elimu

Alirudi shuleni kwa ufadhili uliotokana na mradi wa Katende. Mwaka 2017 yeye na Mukumbya walijiunga na Chuo Kikuu cha Northwest, Kirkland, jimbo la Washington, Marekani, ambako waliichezea timu ya sataranji ya chuo.

Athari

Katende alianzisha SOM Chess Academy, na watoto wa mitaa mingine ya Kampala wamepita humo. Wasichana wa Uganda wanaocheza mashindano wameongezeka tangu mwaka 2010, na waandaaji wengi humtaja Mutesi kuwa sababu. Miradi inayofanana imezuka kwingine pia. Nchini Kenya, FIDE na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walianza mwaka 2021 kufundisha sataranji kambini Kakuma, wasichana wakipewa kipaumbele. Nchini Nigeria, Tunde Onakoya aliyekulia katika mitaa ya mabanda ya Lagos anaendesha mradi wa namna hiyo. Aprili 2024 alicheza saa 60 mfululizo mjini New York kuuchangia.

Kwa Tanzania, simulizi hii iko jirani: mkoa wa Kagera unapakana na Uganda, na kutoka mpakani Mutukula hadi Kampala ni safari isiyofika siku moja kwa basi. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani humo, michezo ya shule hutawaliwa na mpira wa miguu, mpira wa pete na riadha. Michezo ya akili haijawahi kuwa migeni huko: ng'ambo ya mpaka wa Ngara, Rwanda na Burundi huchezwa igisoro, na Buganda huchezwa omweso, yote miwili ya mashimo 32 na kete 64 kama bao la pwani. Mtoto aliyezoea kuhesabu kete kabla ya kuzitembeza tayari ana nusu ya kile Katende alichokuwa akikifundisha Katwe. Nusu iliyobaki ni ubao wa sataranji na mtu mzima wa kukaa na watoto kila alasiri.

Hadhi ya sasa

Baada ya Baku, kazi yake ya kimashindano ilipungua, na jina lake sasa husikika zaidi kwenye mihadhara kuliko kwenye matokeo. Vyeo vya FIDE ni vya maisha. Mutesi anabaki kuwa WCM hata kama hatacheza tena.